Upande wa Pili wa Shuka

Kila babu aliposema "kulia", kidole cha bibi kilisogea kushoto. Kilisogea kidogo tu, juu ya goti, kwenye gauni la kanisani ambalo alikuwa amelivaa tangu alfajiri. Nadhani nilikiona mimi peke yangu. Mtu asiyezungumza sana hubaki na kazi ya kutazama.

Mgeni wetu, Dada Doris, alikuja kijijini kwetu Daudi kutoka Dar es Salaam kutafuta sinema. Siyo kuitazama, maana haipo tena. Alitueleza kwamba zamani, sinema zilipokuwa bado hazina sauti, Wazungu walichukua mchezo wa jukwaani wakautengenezea picha. Ulikuwa mchezo wa mafundisho, na watu wake waliitwa kwa majina ya tabia. Binti aliitwa Subira. Wachumba waliokuja kumposa walikuwa watatu: Mali, Sifa na Kazi. Nakala zote zimepotea. Imebaki barua ya padri mmoja aliyeandika kwamba aliionyesha hapa Daudi mwaka 1951. Anayetaka kujua iliishaje inabidi awaulize wazee.

Na wazee walioiona, waliobaki, ni wawili tu, nao ni wa nyumba moja: babu Baltazar na bibi Marieta.

"Mali aliingia kutoka kulia," babu aliiambia simu ya Dada Doris, kwa sauti ya kuhutubia mkutano. "Tumbo kama gunia la ngano ya Basotu. Subira akamkataa. Akaja Sifa, manyoya kichwani kama jogoo. Akamkataa. Akaja Kazi na jembe lake. Huyo akamkubali, wakafunga ndoa, wakazaa watoto tisa."

"Hao tisa walionekana kwenye picha, babu?"

"Katekista Bura, aliyetueleza picha, alisema tisa."

"Bura mwenyewe alikuwa na tisa," bibi alininong'oneza kwa Kiiraqw.

Dada Doris alishukuru, akaangalia saa. Pikipiki ya kumpeleka Mbulu mjini kuwahi basi ilikuwa imeshafika. "Na wewe bibi, una la kuongeza?"

"Baba Modest amemaliza yote," bibi alisema, akimwita babu kwa jina la mtoto wao, akainamisha macho.

Mke wa umri wake hamsahihishi mumewe mbele ya mgeni. Lakini mimi nilijua alivyoisubiri siku ile. Tangu tulipopata habari ya mgeni alikuwa ananiambia, "Hilda, safari hii wataandika na ya kwetu." Sasa mgeni alikuwa anafunga begi.

Mimi hata dukani naonyesha kwa kidole kitu ninachotaka. Sijui nguvu ilitoka wapi. Niliwatazama kuku nikasema, "Bibi hakuiona hiyo. Bibi aliona ya nyuma."

"Ya nyuma?" Dada Doris aliuliza.

Nilingoja mtu mwingine ajibu. Ikabidi niendelee mwenyewe.

Nikamweleza kwamba kanisani, enzi hizo, wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na njia ilipita katikati. Padri alipoleta sinema, alimwachia katekista Bura kazi ya kutundika shuka nyeupe uwanjani. Bura akafanya kama alivyozoea: akaitundika katikati, wanaume huku, wanawake kule. Kwa bahati shuka ilikuwa imelowa umande, mwanga ukapenya. Wanawake wakaona kila kitu, ila kimegeuzwa. Bura alisimama kwa wanaume akieleza. Kwa wanawake ndiko jenereta lilikowekwa, likinguruma, na hakuna lililosikika.

Babu alipiga goti lake. "Kumbe! Miaka sitini na zaidi nalala na mtu aliyetazama kisogo cha sinema!"

"Kisogo mlitazama ninyi," bibi alisema. "Sisi tuliona uso."

Dada Doris akawasha simu tena, akamwambia mwenye pikipiki avumilie kidogo.

"Sasa nani aliwaeleza ninyi, bibi?"

"Mama Bernadina, mkunga. Alipaza sauti kuliko lile jenereta. Alipotokea mwenye tumbo, akasema, huyu ni mapacha, na wamekaa vibaya."

"Mali huyo!" babu alilalamika. "Tajiri mzima!"

"Sisi hatukujua ni tajiri, Baba Modest. Tuliona tumbo. Akaja wa manyoya. Bernadina akasema, huyu amemvaa kuku wa mama yake. Akaja wa jembe. Akasema, mtazameni vizuri, jembe halina hata chembe ya udongo."

Dada Doris alikuwa anacheka hadi simu inatikisika. "Halafu? Iliishaje?"

Bibi alinyoosha mgongo. "Subira akatoka nje. Akawapa wote majembe. Akasema, atakayemaliza shamba la mama yangu kabla ya mvua, huyo apige hodi. Akafunga mlango, yeye na mama yake wakala chakula. Hodi haikupigwa."

"Na mimi je, ulinipa jembe?" babu aliuliza.

"Si bado unalima?"

Babu akaagiza mgeni aongezewe maziwa.

Wiki tatu baadaye Dada Doris alipiga simu. Alisema miisho yote miwili imeandikwa, na wenzake wanaupenda zaidi ule walioupa jina la mwisho wa wanawake. Bibi alienda kusimulia hata Maretadu, kwa dada yake, kwa miguu. Alirudi amechoka lakini anaimba.

Kuna jambo sijamwambia Dada Doris, wala babu, wala padri wetu. Bibi hakuiona sinema ile mpaka mwisho. Alikuwa mtoto, akalala mgongoni kwa mama yake wakati wachumba bado wako mlangoni. Miaka yote alipotusimulia alifika pale mlangoni akasema tupukuchue mahindi. Mwaka niliokatisha shule, nikiwa darasa la tano, nililia siku nyingi. Jioni moja akaniuliza, "Hilda, wewe unadhani yule binti alifanyaje?" Nikamwambia. Kesho yake akasimulia hivyo hivyo kama aliyeona kwa macho yake, na mimi nikanyamaza.

Mwisho wa wanawake ni wangu.