Dagaa Wasio wa Karema

Theopista alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa miguu. Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na saba, na tangu Pasaka alikuwa akimdanganya baba yake.

Kaka yake Thadei alizama akivua ziwani kule Karema. Wakamzika, wakaanua matanga, wakati baba yao, mzee Melkior, yuko hoi kitandani hapa Mpanda. Daktari alionya kwamba moyo wake hauhimili mshtuko, nao ndugu wakaamua asiambiwe kwanza. Kisha wakarudi makwao, hiyo "kwanza" wakamwachia Theopista.

Basi kila mwezi alinunua dagaa sokoni, akawafunga kwenye gazeti na kusema Thadei ametuma. Wa kwanza, wa Pentekoste, mzee aliwagawia hadi majirani, akijisifia mwana. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Theopista ilizidi reli ya Tabora.

Mwezi huu mvua ilikata barabara ya Karema. Sokoni walibaki dagaa wa pwani walioletwa na treni, akanunua hao hao. Dagaa ni dagaa, alijiambia.

Mzee, aliyevua dagaa usiku kwa taa ya karabai miaka arobaini, alichukua mmoja akamwinua penye mwanga wa dirisha. Wa ziwani, alieleza taratibu, mdomo wake hutazama juu; huyu pua imeufunika mdomo. Tena wa Karema huanikwa mbichi mchangani, na huyu kachemshwa kwa chumvi.

Theopista alisubiri kugombezwa. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

"Kumbe ameliacha ziwa," alisema. "Yuko baharini, anaogopa kuniambia. Mwandikie sijakasirika. Ziwa lile lilinilia wadogo zangu wawili. Yeye halimpati tena."

Theopista alishika kalamu. Aliandika jina la kaka yake, akaishia hapo. Barua ingedai jibu, na wa kulitunga jibu hilo angekuwa yeye yeye. Hakuwa na nguvu tena.

"Baba, dagaa nanunuaga mimi."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama yule dagaa. "Hata wale wa Pentekoste?"

"Hata wale."

Alimrudisha dagaa kwa wenzake, akalikunja gazeti polepole mpaka likafunga vizuri.

"Mmemlaza karibu na mama yake?"

Theopista aliitikia kwa kichwa. Kisha akaketi sakafuni, akamlilia kaka yake kwa sauti, kilio alichokibana tangu Pasaka.