Mtihani wa Mstaafu na Mbea

Fundi redio hakuwa mtu wa kuogopa kitu chenye waya. Mletee redio iliyozama kwenye ndoo, runinga iliyopigwa na radi au spika iliyokaukiwa sauti. Ataipindua, ataikung'uta, atakwambia njoo kesho, na kesho ukija utaikuta inaimba. Kwa hiyo mama mkwe wake alipopiga simu kuuliza atafanya nini na wale mbwa wawili mtoto akizaliwa, alimjibu kama anavyowajibu wateja.

"Mama, ondoa shaka. Niachie mimi."

"Nimekuachia mwaka wa tatu huu," mama mkwe akasema. "Na bado wanalala chumbani kwenu."

Mbwa wa kwanza, jitu jeusi lenye masikio yaliyolala, aliitwa Mstaafu. Fundi alimchukua awe mlinzi, naye wiki ya kwanza tu akaacha kazi, akahamia chini ya kitanda. Wa pili, mdogo, wa rangi ya udongo, aliitwa Mbea, maana hakuna aliyepita nje asitangazwe mtaa mzima. Ubaya ni kwamba mama mkwe mwenyewe alikuwa mkunga aliyestaafu. Fundi aliapa mara kadhaa kwamba Mstaafu alipewa jina kabla yeye hajamfahamu mtu yeyote wa ukoo ule, lakini kuna maelezo ambayo kila ukiyarudia yanazidi kuharibu.

Miezi mitatu kabla ya mjukuu kuzaliwa, mama akaja, akaketi, akaweka masharti yake mezani. Siku mtoto atakapoletwa nyumbani, yeye atakuwepo. Mbwa wakitulia, wabaki. Mmoja akimbwekea mtoto au akimrukia, wote wawili waende jioni hiyo hiyo kwa mlinzi wa ghala la mbao. Mlinzi alikuwa ameshaulizwa na amekubali. Angewafunga mnyororo getini.

Fundi alimwazia Mstaafu na mnyororo shingoni. Kabla ya kuoa alikaa miaka minne peke yake katika chumba kimoja, na aliyekuwa akimngoja mlangoni kila jioni ni mbwa huyo. Akapiga moyo konde.

"Nimekubali, mama."

Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alimtazama kwa jicho la mtu anayejua wanafunzi wake. "Umekubali kwa niaba ya Mbea?"

"Mbea nitamfundisha."

Akafundisha kweli, kwa mpango, kama mtu anayefungua mashine na kupanga skrubu zake kwa safu. Kwanza daktari wa mifugo: sindano, dawa ya minyoo, kucha. Kisha akawatoa chumbani, na Mstaafu akasusa chakula siku mbili. Kisha akanunua kigari cha mtoto, akawa anakisukuma mtaani kikiwa kitupu, mbwa mmoja huku na mwingine huku, mpaka wajue kwenda nacho bila kukivuta. Majirani walimuuliza mtoto yuko wapi. "Yuko njiani," aliwajibu, akapita zake.

Lakini fahari yake ilikuwa kilio. Alimwendea jirani mwenye mtoto mchanga, akarekodi dakika tatu za hasira tupu, akaziweka kwenye spika yake kubwa kuliko zote, juu ya kabati la sebuleni. Kilio kikianza, mbwa wanakwenda kwenye mkeka chini ya kabati, wanalala, na kila mmoja anapata kipande cha biskuti kutoka kwenye kopo lililokuwa pembeni ya spika. Alianza na sauti ya chini, akaipandisha siku baada ya siku. Ulipofika mwezi wa tatu kilio kilitetemesha glasi, na Mstaafu anakoroma. Fundi aliwaita watu waje kutazama.

"Na wewe je?" mkewe alimuuliza mchana mmoja, mkono juu ya tumbo. "Kliniki wanataka waume waje wajifunze kumshika mtoto. Wana mwanasesere wa kujifunzia."

"Kumshika mtoto ni kazi gani? Mimi nina mbwa hapa," alisema upesi, akaenda kuwasha kilio.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu yasiyo na mzaha. Siku zote tano wodini Fundi alikuwa hodari wa kubeba. Alibeba mkoba, chupa ya chai, ndala za mkewe, mito. Kila alipoambiwa ampokee mtoto, mikono yake ilikuwa imejaa. Alibeba hata kitambaa alichofungwa mtoto, akakipeleka nyumbani mbwa wakinuse, na walikinusa kwa adabu.

Jumamosi saa nne asubuhi wakarudi. Mwalimu aliingia kwanza, mikono mitupu, akawasalimia mbwa mpaka mikia ikachoka. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Kisha mama mkwe akaingia na mjukuu kifuani, na mjukuu akafungua kinywa.

Mbwa wakainuka mara moja, wakakimbia hadi chini ya kabati, wakakaa shingo juu, macho kwenye spika. Fundi alijaa kifua. Fahari hiyo ilidumu kitambo kidogo tu, kwa sababu spika ilikuwa kimya. Mbea akanusa waya. Mstaafu akachungulia nyuma ya kabati. Kilio kilikuwa kinatokea mgongoni kwao. Mbea akageuka, akaona kilio kimetoka kwenye sanduku lake na sasa kinatembea sebuleni, akaitangaza habari hiyo kwa nguvu zake zote. Alibweka mara tatu.

"Moja ingetosha," mama mkwe akasema.

Fundi hakubisha. Aliitazama spika, akawatazama mbwa, na kosa akaliona papo hapo, maana kutafuta kosa ndiyo kazi yake. "Mama, mbwa hawana hatia. Niliwafundisha spika. Mtoto sikuwafundisha."

"Kwenye makubaliano hatukutaja hatia."

"Lakini tulitaja jioni. Na hii ni asubuhi."

Mwalimu akauma mdomo asicheke. Mama mkwe akatazama saa ya ukutani, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomkera. "Una mpaka saa kumi na mbili."

Fundi akaitoa spika nje, akaifungia kwenye karakana. Akauhamishia mkeka upande wa pili, hatua sita kutoka kiti cha mama mkwe. Akawatia mbwa kamba, akakaa nao sakafuni na kopo la biskuti mapajani. Mtoto akilia, mkekani; wakilala, biskuti. Bahati nzuri mtoto alilia sana. Saa sita Mbea alikuwa bado ananguruma chini kwa chini. Saa nane aliacha. Saa kumi alikuwa anakwenda mwenyewe bila kuvutwa. Mstaafu alielewa tangu mara ya kwanza. Kwake jambo la maana lilikuwa biskuti imehamia wapi. Kamba zikafunguliwa.

Saa kumi na moja Mwalimu alikuwa amelala chumbani, hoi. Mama mkwe akainuka na mtoto. "Mshike, mwanangu. Ninyooshe mgongo."

"Mikono ina biskuti, mama."

"Kanawe."

Akanawa. Alinawa muda mrefu. Aliporudi alisimama mbali. "Labda tumngoje mama yake aamke."

Mama mkwe alikuwa amepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane. Alikwisha kuona wanaume waliopanda paa kuziba bati siku mke yuko leba. "Tangu azaliwe umemshika mara ngapi?" akauliza.

Fundi alitazama sakafu. "Hata moja."

"Kwa nini?"

"Naogopa," akasema, na kusema kwenyewe kulimuuma. "Kila kitu kikiniharibikia mkononi nakitengeneza, mama. Huyu nikimharibu nitamfanyaje?"

Mama hakumcheka. Alimsogelea, akamweka mtoto mikononi mwake, akaachia. Mtoto akakunja uso, akalia kama anayedai haki yake.

Mbea akainuka. Alimtazama mtoto, akamtazama Fundi. Hakukuwa na kamba, na hakukuwa na wa kutoa biskuti. Akageuka, akaenda mkekani, akajilaza ubavuni mwa Mstaafu, kichwa juu ya miguu. Katika sebule ile aliyekuwa akitetemeka ni mmoja tu.

Mama mkwe akachukua simu yake, akampigia mlinzi wa ghala, akamwambia asiwangoje mbwa. Kisha akamzunguka mkwe wake taratibu, akimkagua kuanzia mabegani mpaka kwenye viwiko.

"Hao umewaandaa vizuri, wanabaki," akasema. "Sasa tuanze na wewe. Mkono wa kushoto chini ya shingo, na upumue."