Mlango Usiopitisha Mwanga

Waya wa pasi ulipotema cheche asubuhi ile, Bibi Pasi, mzee wetu wa kunyoosha nguo, aliupiga kwa kitambaa kibichi hadi ukatulia, akatuambia turudi kazini, kwani hiyo haikuwa sinema. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hofu ikinishika huwa nacheka ovyo. Kisha nikajikuta natafuta kwa macho mahali ambapo ningekimbilia.

Ukumbi wetu wa kushonea sare una milango miwili. Wa mbele ndio tunaoingilia na kutokea, na kila anayetoka hupekuliwa na mlinzi asije akaondoka na uzi wa tajiri. Wa nyuma ni wa dharura, uko mwisho kabisa, karibu na cherehani ya mdogo wangu. Miaka yote tumeutundikia mikoba na makoti, na hakuna aliyewahi kuufungua.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Chini ya mlango wa mbele palionekana mstari mweupe wa mwanga. Chini ya ule wa nyuma palikuwa peusi tii.

Pale kazini wananiita Wakili, na si kwa sifa. Nimeulizauliza tangu utotoni, na vibao nilivyopata kwa ajili hiyo vilinifundisha kuulizia moyoni tu. Lakini lile giza chini ya mlango lilinikaa rohoni. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nikazunguka nyuma ya jengo. Nilikuta ghala jipya la jirani limejengwa hadi likagusana na ukuta wetu, na pale mlango ulipopaswa kutokea palikuwa na matofali matupu. Niliporudi, mlinzi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, hakuniuliza nilikotoka, na kutoniuliza kwake kukanitisha zaidi.

Jioni msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango. Aliongea kwa upole mno. Aliulizia mimba ya mdogo wangu imefikia wapi, akasema itakuwa huruma mjamzito kuanza kuzungukia watu akiomba kazi.

"Wewe ni fundi mzuri, dada," akasema. "Kinachokuponza ni macho."

Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu kila kitu. Nilidhani ataogopa, kumbe alikasirika, tena aliyemkasirisha ni mimi. Alisema ukumbi umesimama miaka yote bila kuungua, na kwamba mimi nikikosa la kufanya hutafuta la kuwafukuzisha watu kazi.

"Niache nifikie likizo ya uzazi, dada. Baada ya hapo uliza utakavyo."

Nikamwahidi, na ahadi ilitoka moyoni.

Kesho yake nilimwona akipita kwenda kwenye cherehani yake. Alilazimika kupita ubavuubavu kati ya meza, tumbo kalishika kwa mikono miwili. Sikuwahi kugundua njia ile ni nyembamba kiasi gani. Kabla hajaketi, pasi ikatema cheche tena, na safari hii ukafuata moshi.

Nikasimama.

"Huu mlango wa nyuma unatokea wapi?"

Sauti ilitoka nyembamba, lakini cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mdogo wangu akaniangalia kama vile nimemtukana. Msimamizi alitokeza ofisini, akaniamuru nikae chini. Sikukaa. Si ushujaa, magoti tu yaligoma kukunjika.

Bibi Pasi alichomoa waya ukutani. "Mimi mzee hapa kuliko wote," akasema, "na sijui."

Akaenda akaanza kutungua makoti, akiyalaza mezani taratibu, na wengine wakamsaidia. Komeo lilikuwa na kutu, wakaligonga kwa mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Mlango ukafunguka kwa ndani, na matofali yakatutazama. Mmoja aliyagusa kwa kiganja, akaurudisha mkono haraka.

Bibi Pasi akachukua mkoba wake, akaelekea mbele, nasi tukamfuata. Msimamizi alitangaza kwamba anayetoka asirudi, lakini hatukusimama. Mlangoni, mlinzi alifungua ubao mmoja tu kati ya mbao mbili za mlango, kama kawaida yake, akaanza kupekua mkoba baada ya mkoba.

Nilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Nilisimama juani nikimsubiri mdogo wangu. Hakukuwa na moto, moshi ulikuwa umeshaisha, na hakuna aliyemsukuma mwenzake, na bado walitoka mmojammoja, na foleni haikwisha. Kila uso uliotokeza haukuwa wake. Nilimwomba mlinzi afungue ubao wa pili, akanijibu ufunguo anao tajiri.

Alitoka wa mwisho, kalowa jasho, anahema. Aligeuka akautazama mlango aliotokea, kisha akanitazama mimi.

"Dada, moto ungewaka, ningefika nje?"

Akanikabidhi mkoba wake, akarudi na tumbo lake hadi kwa msimamizi aliyesimama kizingitini, akamuuliza swali lilelile mbele ya wote. Nilibaki nimeukumbatia mkoba, nikisubiri jibu pamoja na wenzangu.