Kivuli Kwenye Benchi la Drafti

Jioni ile, Mbagala, Shomari alikuwa amelikalia benchi la drafti tangu alasiri. Kijiwe kina sheria moja: anayeshindwa anapisha. Shomari hakuwa ameshindwa. Praygod, fundi simu, alikuwa mbele yake, kizibo cha soda, ndiyo kete yake, kiko vidoleni, ndipo bomu likalipuka kule stendi ya mabasi.

Maiti zilizikwa, vioo vikazolewa, kisha polisi wakamchukua Shomari. Walisema yeye ndiye aliyelitega na kulilipua, kwa mkono wake. Kivuli chake kilibaki benchini, kofia kichwani, mguu mmoja umekunjwa. Hakuna aliyeshangaa. Mtaa huu umeshachukuliwa vijana wengine huko nyuma, na wao hawakuacha hata kivuli.

Vijana waliendelea kucheza nacho. Vizibo vilisogea, kivuli kikashinda, aliyeshindwa akapisha. Kilichobadilika ni maongezi. Mtu akitoa simu mfukoni, wenzake kimya. Jina la Shomari kuna aliyelipeleka polisi, na huyo aliyelipeleka anakunywa kahawa hapahapa.

Nusaiba, mdogo wake Shomari, alimfuata Praygod kibandani kwake.

"Braza, bomu lilipolia nani alikuwa mbele yako?"

"Shomari."

"Kesho anakuja mpelelezi. Utamwambia hivyohivyo?"

"Sista, mie tena? Ntasema."

Mpelelezi alikuja kavaa shati la maua, kama mtu anayekwenda harusini.

"Kijana, siku ile ulikuwa unacheza na nani?"

Praygod aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Afande, mie nilikuwa naangalia kete. Uso sikuuangalia."

"Umeona eeh," alisema Nusaiba, aliyekuwa amesimama pembeni ya benchi. "Kumbe ulikuwaga unacheza na upepo." Akamgeukia mpelelezi. "Basi muulize mwenyewe. Si huyo hapo?"

Mpelelezi aliketi mbele ya kivuli, akapanga vizibo. Hakucheza vibaya. Kivuli kilimla kete tatu kwa mkupuo, kikafika mwisho wa ubao kikaingia kingi, mchezo ukaisha. Mtu alicheka, akaacha.

"Afande, pisha," ilisema sauti nyuma.

Mpelelezi aliinuka mara moja. Sheria aliijua, kakulia vijiwe vya Temeke. Akajipangusa suruali.

"Hapa sijaona mtu," alisema, akaondoka.

Shomari yuko ndani mpaka leo. Nusaiba huja kila alasiri, huketi pembeni ya kivuli, hasalimii mtu. Praygod naye huja. Hupanga vizibo, hushindwa, hupisha.

Kivuli hakijamkataa hata siku moja.