Ndege ya Viti vya Plastiki

Kowsar alisubiri kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma wiki mbili nzima, ndipo akafika Lodwar kwenye usaili.

"Mafunzo ya uhudumu ulifanyia kwenye ndege gani?" aliuliza Mureithi, bosi wa kampuni ya ndege.

"Viti vya plastiki, bosi. Tulivipanga darasani."

Wenzake wawili wa Mureithi wakaangua kicheko. "Hebu tuonyeshe."

Kowsar akajikaza. Akaonyesha milango ya dharura ukutani, akafunga mkanda usiokuwepo, akatabasamu kama alivyofundishwa. Hakukosea hata neno. Walimrekodi kwa simu.

"Safi sana," alisema Mureithi. "Lakini hatuajiri wakimbizi."

"Si niliandika kwenye fomu?"

"Tuliiona tangu asubuhi, dada. Ndege yetu ya kurudi imechelewa, tukaona tusikae bure."