Barua za Saa Sita na Nusu

Saa sita na nusu masista kumi na tisa waliketi kula, na mnovisi waliyemwita Redio, kwa sababu ya sauti yake, akapanda kwenye mimbari ndogo ya pembeni kusoma. Ndiyo desturi ya nyumba ile: mdomo mmoja husoma, mingine hutafuna. Ilikuwa Jumatatu, supu ya maharage, na kitabu kilikuwa maisha ya watakatifu. Redio alikohoa kidogo, akafungua ukurasa, na kilichomtoka kinywani kikawa barua.

"Mdogo wangu mpendwa," alisoma, "natumaini u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila mama amelazwa."

Hakuna aliyeweka kijiko chini. Kila mtu alijua barua ile ilikotoka. Mwaka mzima wa unovisi, ule wa majaribio kabla ya nadhiri, barua za wasichana zilikaa kwenye droo ya Mlezi wao, sista mwenye funguo kiunoni, aliyeamini kwamba habari za nyumbani humrudisha mtu nyuma. Hakuzichana, hakuzifungua. Alizihifadhi tu mpaka mwaka uishe. Sasa zilikuwa zimechoka kungoja, zikahamia kitabuni.

"Soma polepole, unakimbia," Mlezi alisema.

Barua ilikuwa ya Pacha, mnovisi mwenzake. Pacha na Redio hawakuwa na hata bibi wa kuchangia, ila waliingia langoni siku moja na masanduku ya rangi moja, wakaitwa mapacha, na jina likamganda huyu mmoja. Redio angeulizwa ni nini kilichomweka pale siku za mwanzo, ukweli angemtaja Pacha kabla ya Mungu, kisha aende kuungama. Leo alimwona mwenzake akipeleka mdomoni kijiko kitupu.

Jumanne ikasomwa ya pili, Jumatano ya tatu, zote za kaka mtu. Mama amekataa uji. Mama anauliza kama Sista wake ameandikiwa. Baada ya vyombo siku hiyo Mlezi alimwita Redio ofisini.

"Mwanangu, kosa si lako," alisema. "Kitabu kina mambo yake. Lakini jicho la msomaji hutangulia mdomo. Ukiona neno la kumtoa mwenzako humu, ruka. Yule ana wito wa kweli, na akitoka kabla ya mwaka kwisha, hapokelewi tena."

"Na mama yake, Sista?"

"Mama yake anaye Mungu."

Redio aliogopa, na kilichomtia aibu ni kwamba hakumwogopea mgonjwa. Alikiogopa kile kiti cha Pacha kikiwa kitupu.

Alhamisi alipanda mimbarini. Alisoma salamu, na jicho likamtangulia kwenye mstari wa chini. Akauona. Akasita. Mlezi, aliyekuwa akimtazama usoni tangu mwanzo, akapiga kengele. Katika nyumba ile kengele ikilia msomaji hunyamaza, hata kama neno liko nusu.

Liwalo na liwe, Redio alijisemea, akasoma huku kengele ikiendelea kulia.

"Njoo, mdogo wangu. Daktari anasema mama hafiki Jumapili. Kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa. Njoo hata kwa saa moja."

Kengele ikanyamaza. Pacha alimaliza supu yake, akapangusa bakuli kwa mkate, akasimama na wenzake kusali sala ya baada ya chakula. Kisha alikwenda kunong'onezana na Mlezi mlangoni.

Redio alimkuta Pacha kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu.

"Basi linaondoka saa nane," alimwambia. "Nenda kabadili viatu, sanduku nitakufungia mimi."

"Siendi."

"Mlezi hawezi kukufunga kamba."

"Hajanifunga. Kasema lango liko wazi, nichague mwenyewe." Pacha alisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Nimechagua."

"Mama yako anakuita, Pacha."

"Nimesikia. Jana nilikuwa sijaitwa. Mama angekufa, ningesema walinificha, naye huko aliko angenielewa. Sasa nitasema nini?"

"Nilitaka umwone tu."

"Najua ulichotaka. Nipe hiyo sufuria nyingine."

Saa nane basi lilisikika likipanda mlima, na Pacha akaanza kukausha vijiko. Ijumaa Mlezi aliagiza somo lihamie baada ya chakula, kwa sababu watu walikuwa wanaacha supu ipoe. Redio hakuadhibiwa. Hakukuwa na mwingine mwenye sauti.

Jumamosi alisoma yote, polepole, kama alivyofundishwa.

"Mama ametutoka leo alfajiri, uso ameuelekeza mlangoni. Usijilaumu, mdogo wangu. Tulimwambia barua hampewi, kwamba hujui lolote, laiti ungejua ungekuja mbio. Akasema basi, na roho ikatulia. Amekufa bila kinyongo na wewe."

Masista waliitikia Amina, kama baada ya kila somo. Pacha aliitikia pia, kwa sauti kuliko wote, kisha akashindwa kukifunga kinywa.

Barua yenyewe ililetwa na posta Jumatano iliyofuata. Mlezi aliipokea langoni, akasoma jina la juu, akaitia kwenye droo pamoja na zile nyingine, kwa sababu mwaka ulikuwa bado haujaisha.