Wavu wa Kichanja cha Mwisho

Niseme mapema, ili usije ukanionea huruma katikati ya hadithi: mimi ni mwalimu wa fizikia. Nawafundisha watoto wa watu jinsi joto linavyosafiri, na lile swali la hewa moto kupanda juu na hewa baridi kuingia kwa chini nimelitunga kwenye mitihani mara tatu. Kwa hiyo nilichokifanya sikukifanya kwa ujinga. Ningekuwa mjinga, ningelala usingizi.

Mwezi wa saba huku kwetu, milimani juu ya Mbinga mjini, mtu anavaa sweta mbili na bado anaomba nafasi karibu na moto. Kompyuta yangu mpakato yenyewe ilikuwa inachemka. Niliinunua kwa karani mmoja aliyewahi kufanya kazi Ngaka kwenye makaa ya mawe, na Adinani, fundi wa simu na kompyuta karibu na stendi ya Mbinga, alipoifungua alikuta vumbi jeusi limejaa ndani. Akalipuliza, akalifuta, akatikisa kichwa. Hata baada ya hapo, ikiwaka dakika kumi na tano tu, tumbo lake linakuwa moto wa kupigia pasi, halafu inajizima. Nami nilikuwa na ripoti ya chuo ya kurasa sitini. Isipofika siku ya Ijumaa, ningesubiri mwaka mwingine kupata shahada niliyoisomea miaka sita huku nafundisha.

"Tafuta kile kibao chenye feni cha kupoozea," Adinani aliniambia. "Ila kwa hapa hakuna, mpaka uagize Dar. Wiki mbili hivi, Mwalimu."

"Wiki mbili nitakuwa nimeshafeli. Nipe feni tu, kibao nitakitengeneza mwenyewe."

Akanipa feni mbili ndogo alizozitoa kwenye kompyuta zilizokufa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa kama mtu aliyegundua umeme.

Niliianza kazi Jumapili mchana, na nakiri nilifurahi sana. Fremu nilitengeneza kwa mbao za kasha la nyanya. Kandambili kuukuu nikazikata vipande, vingine vikawa miguu, vingine nikavibana kati ya feni na mbao zisitetemeke. Nyaya za feni nikaziunganisha kwenye betri ya sola ya taa ya chumbani. Zikavuma vizuri, upepo ukanipiga usoni, nikacheka peke yangu.

Tatizo likabaki sehemu ya juu, pale kompyuta inapokaa. Nikiweka ubao, feni zinapulizia ubao. Bati nalo ni yale yale. Nilijaribu chekeche la unga, likabonyea. Nilihitaji wavu wa waya, mgumu, wenye matundu madogo, ubebe mzigo na upitishe hewa. Nikainua macho, na dirishani kwangu nikauona wavu wa namna hiyo hiyo, mita na mita, umetandazwa juani.

Vilikuwa ni vichanja vya kikundi chetu cha kahawa, meza nane ndefu za miti zilizotandikwa wavu. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa pale juu, jua liipige kwa juu na hewa iipite kwa chini. Kikundi kina sheria moja ambayo hata watoto wanaijua: kahawa haigusi kitu kingine chochote isipokuwa wavu. Si mkeka, si turubai, na zaidi ya yote si nailoni, kwa sababu ikikosa hewa ya chini inaota ukungu, na punje chache zilizooza zinaharibu harufu ya kahawa yote.

Kichanja cha nane kilikuwa kitupu. Nilijiambia hakitatumika mpaka mwisho wa mwezi. Nikachukua plaizi, nikakata kwenye kona kipande cha ukubwa wa daftari mbili. Shimo lilivyobaki limeachama nikaona aibu, basi nikaliziba kwa kipande cha sandarusi nyeupe ya mfuko wa mbolea, nikakifunga vizuri kwa kamba. Jumamosi, nilijiambia, nikishatuma ripoti, nitaurudisha wavu mahali pake.

Ripoti niliituma Alhamisi. Kompyuta ilikaa juu ya kile kibao saa nne mfululizo, baridi kama mtungi. Jumamosi nikasema nitarudisha Jumatatu. Nisikudanganye kwamba nilisahau. Nilikuwa nimekipenda.

Wiki iliyofuata kahawa iliiva kwa pamoja, kama inavyofanya jua likikaza. Wanakikundi walimenya mpaka jioni, na vichanja vyote vikajaa, cha nane kikiwemo. Lidia, mmoja wao, ndiye aliyemwaga kahawa pale, kwa haraka, giza likikaribia. Sandarusi nyeupe chini ya kahawa iliyomenywa, nyeupe vilevile, nani ataiona? Kila siku kahawa ilipinduliwa kwa reki ya mbao, na reki ilipita juu ya sandarusi tu. Mimi nilikuwa napita hapo nikienda shule, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza niliona kahawa imefika kwenye kona ile. Nikaongeza mwendo.

Sampuli ilipopelekwa Mbinga kuonjwa, majibu yakarudi kwamba ina harufu ya ukungu. Kahawa yetu yote ikashushwa daraja, ikachanganywa na ya watu wengine, jina la kikundi likafutwa kwenye magunia. Wakapekua kichanja kwa kichanja mpaka wakaikuta ile sandarusi, imegeuka kijani. Na anayejibu kwa vichanja ni msimamizi, na msimamizi ni mama mkubwa Kunigunda.

Huyu ni mke wa marehemu baba yangu mkubwa. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, akanichukua, na mpaka leo chumba changu kinatazamana na jiko lake. Ameolewa huku akitokea Lipingo, upande wa ziwa. Kijiji kizima kinaniita Mwalimu, hata padri, hata wazee walionichapa utotoni. Yeye peke yake hajawahi. Kwake mimi ni mwanangu, hata mbele ya wanafunzi wangu, na zamani nilikuwa naona aibu.

Kikao kilikaliwa pale pale vichanjani. Lidia alishika sandarusi kwa ncha za vidole.

"Mimi sishangai," alisema. "Mtu wa ziwani huyu. Kwao dagaa wa usipa wanaanikwa popote, hata mchangani. Kahawa ataijulia wapi?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la kukubaliana. Mama mkubwa alikuwa amesimama mikono imeshikana mbele.

"Sikuiweka mimi," alisema.

"Nani basi?" aliuliza Mzee Hyasinti, mwenyekiti wetu, na hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza akizungusha macho kwa kila mtu, na macho yake yakanipitia na mimi.

Niliangalia viatu vyangu. Ulimi ulikuwepo, nafasi ilikuwepo. Nilichokuwa nafikiria ni sura za wale wazee wakisikia kwamba Mwalimu, wa shahada, ndiye mwizi wa wavu. Mzee Hyasinti akasema mama Kunigunda alete barua ya maelezo Jumapili baada ya misa, la sivyo kazi atapewa mwingine. Nikarudi chumbani, nikawasha kompyuta, nikawasha na feni. Nakwambia ukweli, nilijichukia, lakini niliziwasha.

Jumamosi mchana nilikuwa nasahihisha mitihani niliposikia hodi yake. Nilichomoa nyaya, nikasukuma kibao chini ya kitanda, nikatupia blanketi. Ndipo nikasema karibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Alikuwa amekuja kuandikiwa barua ya kosa langu, na kwanza aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Aliketi kitandani, miguu yake karibu kabisa na lile blanketi. Mwandiko wake wa darasa la nne haukumridhisha kwa jambo zito kama hili. Alitaka barua ya kompyuta, Adinani aichapishe.

"Andika hivi. Mimi Kunigunda, msimamizi wa vichanja kwa miaka kumi na moja, nakiri kosa ni langu."

Vidole vyangu vikasimama. "Lakini mama, ulisema hukuiweka."

"Sikuiweka. Ila kama sikuiweka, basi sikuiona, na kazi yangu ni kuona. Haya macho yangu, mwanangu, siku hizi yananidanganya. Labda ni kweli nimezeeka. Nimekaa huku miaka thelathini naitwa mtu wa ziwani. Hapo vichanjani ndipo walipoanza kuniita mwenzetu. Wakinitoa pale, nitakuwa nani? Afadhali nikiri, wanisamehe, nibaki."

Nikaandika. Sijui kwa nini niliandika. Tulikuwa tumefika mbali, ameshaeleza reki na jua na umande, kompyuta ikajizima. Maneno yote yakapotea kwa sababu mtu aliyekuwa anaandika alisahau kuhifadhi. Nikaiwasha upya.

"Tuanze tena, mama. Samahani."

Akaanza tena, kwa subira, kama anayemrudia mtoto sala. "Mimi Kunigunda. Nakiri kosa ni langu." Mara hii alilisema kwa sauti ndogo zaidi. Na kabla hatujafika kwenye umande, kioo kikawa cheusi tena. Nikaigusa kompyuta kwa chini, ikaniunguza.

"Ule mtambo wako uko wapi?" mama mkubwa aliuliza.

"Mtambo gani, mama?"

"Wa kupuliza. Kila siku niko jikoni nausikia unavuma. Si ulisema bila huo haifanyi kazi? Ulete, tumalize barua, jua linaenda."

Ningeweza kusema umeharibika. Uongo ulikuwa umeshakaa mdomoni, umevaa na viatu. Lakini ningesema hivyo, angeanza mara ya tatu, Mimi Kunigunda nakiri, na hiyo sikuiweza. Nikapiga magoti, nikaondoa blanketi, nikakitoa kibao, nikakiweka mezani mbele yake.

Aliinama, akatabasamu kwa zile feni. Halafu, kama wanavyofanya watu wenye macho mabovu, akapitisha vidole juu. Vikapita kwenye waya, taratibu, vikafika pembeni penye mshono mdogo wa uzi wa bluu. Vikasimama hapo.

Nilikuwa nimeuona mshono ule siku nyingi. Wavu wa vichanja ukichanika, wengine huku hufunga kwa waya au kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Yeye hushona kwa uzi wa nyavu za samaki anaoletewa kutoka Lipingo, fundo dogo lililolala, alilofundishwa na baba yake mvuvi. Milima yote hii hakuna mwingine anayelijua. Nilikata wavu wenye saini yake na sikujali kuisoma.

Alilipapasa lile fundo mara mbili. Hakupandisha sauti.

"Kumbe macho yangu hayana kosa," alisema.

"Mama," nilisema.

Akasimama, akarekebisha kanga yake kiunoni. Mlangoni akageuka.

"Tulikuwa tumefika wapi kwenye barua?"

"Kwenye nakiri."

"Haya. Malizia."

Akatoka. Niliichomeka betri, feni zikavuma, kompyuta ikakaa baridi mpaka neno la mwisho. Nilifuta jina lake, nikaandika langu, Nicholaus, na kazi yangu, na somo ninalofundisha, maana niliona kikundi kina haki ya kujua kwamba nilijua.

Jumapili baada ya misa niliisoma mwenyewe, nimesimama pale pale alipokuwa amesimama yeye. Nilisoma kuhusu plaizi na sandarusi, na kuhusu siku nilipoongeza mwendo. Hakuna aliyecheka. Lidia aliangalia pembeni. Mzee Hyasinti aliipokea barua, akaikunja, akaniambia tu, "Kahawa ya mwaka huu ndiyo imekwenda hivyo. Mama Kunigunda, tuwie radhi, kazi ni yako." Halafu wakanyanyuka mmoja mmoja, wakampa mkono yeye.

Tukabaki wawili kwenye kichanja cha nane. Nilikuwa nimeung'oa wavu kwenye kibao, nikauweka kwenye shimo lake, nikaushika kingo huku yeye akishona kwa uzi wa bluu, fundo baada ya fundo, bila haraka. Nilisema samahani. Nikarudia, nikamwambia sijui nilikuwa nafikiria nini, ingawa nilijua. Alisikia yote. Alikata uzi kwa meno, akahamia upande wa pili.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe," alisema, na naamini alisema kweli, maana huwa hasemi uongo. Akanyoosha uzi. "Shika vizuri hapo, Mwalimu."